Siku Nne za Bi Dirisha

Picha iliyosambazwa siku aliyofariki Bi Mwanaesha haikuwa yake. Nililetewa kwenye simu na watu watano kabla ya adhuhuri, wote wakinipa pole, kwa kuwa walijua nimewahi kufanya kazi naye. Mwanamke wa pichani amejitokeza dirishani nusu mwili, leso kichwani, kidole kimenyooshwa kama anayemwonya mtu aliye chini njiani. Chini yake wameandika: Pumzika kwa amani, Bi Dirisha wetu. Dirisha ni lile lile. Nalijua vizuri, lilitengenezwa kwa mbao za makasha na kupakwa rangi ya kijani ambayo hakuna mtazamaji aliyewahi kuiona, maana televisheni za wakati huo zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Leso pia ni ile ile. Lakini mwanamke ni Selina, aliyechukua nafasi ya Bi Mwanaesha ya kuigiza Bi Dirisha katika kipindi chetu, na Selina mwenyewe alikufa miaka mingi iliyopita. Niliitazama picha ile nikiwa nimesimama jikoni kwangu Mbaraki, chai ikichemka mpaka ikamwagika juu ya jiko, na nikajua kwamba mtu pekee aliyebaki hai wa kueleza kwa nini Selina yuko dirishani ni mimi.

Nilifika Mji wa Kale maiti ikiwa bado ndani. Tuktuk iliniacha mdomoni mwa kichochoro, nikaenda kwa miguu hadi ile nyumba ya ghorofa mbili ambayo chini yake ilikuwa na tanuri la mikate. Ngazi ni zile zile, za mawe, zilizolika katikati. Juu, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakisoma, na Salma, binti pekee wa marehemu, aliponiona alininyanyukia akanishika mikono miwili. Ni mwanamke wa makamo sasa, ana wajukuu, lakini nyusi ni za mamake: moja hupanda kabla ya nyingine.

"Umeiona picha, Bi Damari?"

"Nimeiona."

"Hata kufa, wamemtilia sura ya mtu mwingine."

Hakulia alipolisema hilo. Aliniachilia mikono akaenda kuwapokea wageni wengine, nami nikaketi karibu na ukuta nikiwa na mfuko wangu mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na madaftari manne ya mwaka niliofanya kazi na mamake. Nilikuwa nimeyabeba nikidhani nitampa siku hiyo hiyo. Sikuweza.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilikuwa karani wa vipindi katika kituo kidogo cha televisheni kisiwani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi ambayo ilituazima mapazia kila tulipohitaji sebule ya tajiri. Kipindi chetu kiliitwa Ua Mmoja. Kilikuwa cha wapangaji wa nyumba moja na mwenye nyumba wao, mwanamke aliyeshinda dirishani akiona kila kitu. Hakikuwa na maandishi. Mtayarishaji wetu, Bwana Odera, alikuwa akitoa kisa kwa maneno machache: mpangaji hana kodi, mpangaji anaposa, mpangaji ameleta mbuzi. Waigizaji walisimama wakajitungia mazungumzo palepale, nami kazi yangu ilikuwa kuketi kwenye kigoda na kuandika kila neno, ili siku ya kurekodi wasisahau yaliyochekesha siku ya mazoezi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijivunia utaratibu wangu. Tarehe juu kulia, jina la anayesema pembeni, mstari mwekundu chini ya neno la kukumbukwa. Ofisini mtu akitaka kujua jambo lilitokea lini, hakumuuliza Bwana Odera. Aliniuliza mimi.

Ni vigumu leo kumweleza kijana jinsi mambo yalivyokuwa. Vichekesho tulivyovijua kwenye televisheni vilitoka ng'ambo, watu weupe wakianguka juu ya viti, na kicheko kilichorekodiwa kikituelekeza mahali pa kucheka. Katika michezo ya ukumbini, wanawake waliigizwa na wanaume waliojifunga leso. Kisha siku moja watu waliojazana mbele ya duka lenye televisheni wakamwona mwanamke mweusi, mweusi hasa, mzaliwa wa Majengo, akitoa kichwa dirishani na kumwambia mpangaji aliyerudi na kitoweo: "Samaki huyo umemnunua, au umemfuata mazikoni?" Nilikuwapo siku hiyo mbele ya duka, nimetumwa kuona watu watakavyopokea. Walikaa kimya kidogo kama waliokamatwa na kosa. Halafu mzee mmoja mwenye kanzu akaketi chini kwenye ukingo wa baraza kwa kucheka, na wengine wote wakamfuata. Hawakucheka kama watu wanaotazama kitu kigeni. Walicheka kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Usoni hakupakwa kitu. Kisanduku cha poda cha kituo kilikuwa kimetoka ng'ambo pamoja na kamera, na poda zake zote zilikuwa za rangi ya waridi na ya maziwa. Siku ya kwanza fundi wa taa alisisitiza apakwe, kwa sababu alidai kamera haitamshika. Alipakwa. Alijitazama kwenye kioo akiwa wa rangi ya jivu, akageuka kwa Bwana Odera taratibu.

"Baba, mimi nimekuja kuchekesha watu. Huyu hapa kwenye kioo amekuja kuzikwa."

Akaenda kunawa. Fundi wa taa alilazimika kusogeza taa zake, akazisogeza mpaka uso ule ukang'aa kama ulivyokuwa kwa kawaida, na kamera ikamshika bila taabu yoyote. Nimelihifadhi tukio hilo ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Sikujua kwamba lingerudi.

Mumewe, Bwana Shee, alikuwa mwokaji wa mikate ya boflo, na ndiye aliyemruhusu. Mtu wa Mji wa Kale kumwacha mkewe aonekane na mji mzima lilikuwa jambo la kuzungumzwa barazani, na walizungumza. Yeye aliwajibu kwa mzaha: "Mimi naoka unga, yeye anaoka watu. Nyumba ina matanuri mawili." Siku za mazoezi Bi Mwanaesha alikuja na boflo zake zikiwa bado na joto, zimefungwa kwa leso, na bakuli la mbaazi za nazi. Tulikula sakafuni studio, sote kwenye sinia moja, waigizaji, fundi wa taa, Bwana Odera na tai yake ameitupa begani. Mimi nilikuwa na tabia ya kuendelea kuandika watu wakila, kwa kuwa mara nyingi maneno bora yalisemwa wakati huo. Alininyang'anya kalamu. "Kula, Karani. Wino haushibishi." Jina hilo, Karani, ndilo aliloniita mpaka mwisho. Siku nyingine aliinama juu ya daftari langu akauliza nimeandika nini pale kwenye mabano. Nilimwambia ni neno kimya, kwa sababu alikuwa amenyamaza kabla ya kujibu. Akafurahi sana. "Hapo ndipo wanapochekea," alisema. "Maneno mengine yote hata ukiyapoteza, hilo usilipoteze."

Bwana Shee alianguka mbele ya tanuri lake asubuhi moja, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Nilikwenda matangani na Selina, ambaye katika kipindi alikuwa mpangaji mwenye maneno mengi na nje ya kipindi alikuwa msichana mtulivu wa kanisani, hodari wa kuiga sauti za watu. Tulipokuwa tukipanda ngazi zile, wanawake wawili walikuwa wakishuka, nao hawakushusha sauti.

"Ndiye yule wa televisheni?"

"Ndiye. Sasa atakaa."

"Mume alimpa ruhusa. Kaburi halina ruhusa ya kumpa."

Bi Mwanaesha alikuwa kwenye chumba cha ndani, ameketi juu ya godoro sakafuni, leso nyeupe isiyo na nakshi imemfunika mpaka kwenye paji. Hakuwa na wanja. Sikuwahi kumwona bila wanja, na macho yake yalionekana madogo, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mama mkwe wake, Bi Mize, kikongwe aliyekuwa amempoteza mwanawe na bado ndiye aliyeendesha nyumba, aliniita kwa Kimvita chake, akanielekeza mahali pa kuketi.

"Ndoo, mwana wa bara. Keti hapa. Mwenzio yuko kwenye eda. Hatoki, hajipambi, hachanganyiki na wanaume. Lakini wewe ni mwanamke, waweza kuja utakapo."

"Eda ni muda gani, Bi?"

"Miezi mine na siku kumi."

Nilifungua mfuko wangu, nikatoa shajara, nikaandika. Niliandika mbele yake, naye alinitazama kwa namna ambayo leo naielewa kuwa ni mshangao: mtu anaandika jambo ambalo kila mtu analijua. Jioni, chumbani kwangu, nikaishusha kalenda ya ukutani, nikahesabu miezi minne kamili tangu tarehe ya kifo, nikaongeza siku kumi. Ikaangukia Jumamosi. Nikaizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Ofisini nikazungushia duara nyingine kwenye kalenda kubwa iliyo nyuma ya meza ya Bwana Odera.

Nilimtembelea kila wiki. Watu walipokuwa wengi chumbani tulikaa kimya. Tulipobaki wawili aliniuliza habari za kipindi kwa kunong'ona, na mara mbili au tatu alinitungia Bi Dirisha palepale kwenye godoro, midomo ikisogea kidogo tu. "Mwambie Bwana Odera aandae kisa cha mposaji. Anakuja na kandambili. Bi Dirisha anamwambia: 'Umekuja kutaka mke, au umekuja kutaka maji ya kutawadha?'" Nilijiziba mdomo kwa leso yangu nisicheke katika nyumba ya msiba, naye aliniangalia bila kutabasamu, kama fundi anayekagua kazi yake. Siku hiyo ndiyo aliyoniambia jambo ambalo ningepaswa kulipigia mistari miwili. "Nilimuuliza Bi Mize kama nitarudi. Unajua kanijibu nini? Kasema: ukitoka eda, wakija kukuita, nenda, mwanangu alikuruhusu nami siivunji ruhusa yake. Lakini wasipokuita, usijipeleke. Mjane hajipeleki." Alitengeneza leso yake. "Basi mimi nitakaa nisubiri gari." Gari la kituo lilikuwa likiwapitia waigizaji siku za kurekodi, likisimama mdomoni mwa kichochoro na kupiga honi mara mbili. Alimaanisha hilo. Kila kitu kilitegemea honi mbili.

Kituo kilikuwa kimerudia vipindi vya zamani kwa wiki nyingi, na wakubwa wa Nairobi walikuwa wamechoka kungoja. Ikatoka amri kwamba gari la kurekodia lenye mitambo mipya litashuka Mombasa, litakaa siku chache tu, na Ua Mmoja kirekodiwe Alhamisi. Bwana Odera aliniita. Alikuwa mtu wa haki, alimpenda Bi Mwanaesha kama wote tulivyompenda, na alikuwa tayari kugombana na Nairobi kwa ajili yake.

"Atatoka lini?"

"Jumamosi."

"Siku mbili baada ya Alhamisi? Una hakika?"

"Nimehesabu mara tatu."

Alipiga simu. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akiomba siku mbili, akiomba tena kwa Kiingereza, kisha akinyamaza. Alipotoka alisema gari haliwezi kungoja, lina safari nyingine. "Selina atashika nafasi safari hii tu," alisema. "Anaijua sauti yake. Safari hii tu, Damari." Nikaandika. Ofisini kwetu walikuwamo Waislamu wa kutosha. Mlinzi wa mlangoni angeweza kunieleza. Mwenye duka la vitambaa chini yetu angeweza kunieleza. Sikumuuliza mtu, kwa sababu sikujua kwamba kulikuwa na la kuuliza. Mwezi kwangu ulikuwa ule uliochapishwa kwenye karatasi na picha ya maua juu yake. Nao hawakunisahihisha, kwa sababu ile duara nyekundu haikuandikwa kitu ndani yake, na waliopita mbele yake hawakujua ni ya nini.

Wiki tatu za mwisho sikuweza kwenda kumwona, tulikuwa na kazi nyingi. Jumamosi nikaomba ruhusa, nikanunua halua na leso mpya ya rangi ya zambarau, nikapanda ngazi nikiwa na furaha ya mtu anayefika kwa wakati. Ukumbini harufu ya udi ilikuwa imekwisha kupoa. Bi Mwanaesha alikuwa ameketi kwenye kiti, si kwenye godoro, wanja machoni, mikono ina hina, na ile hina haikuwa ya siku hiyo. Kwenye ncha za vidole ilikuwa imekwisha anza kufifia.

"Karani," alisema. "Mbona umechelewa hivyo? Nimetoka Jumanne."

Nilisimama na halua yangu. Nakumbuka nilisema, "Leo ni Jumamosi," kama mtu anayejibu swali la shule.

Bi Mize alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Miezi mine na siku kumi, mwanangu, nimeihesabu kwa mwezi wa mbinguni. Jumanne tukamwosha, tukamvisha. Alhamisi kutwa yuko dirishani, buibui begani, kama kazi yake. Nikamwambia ndoo ule. Akasema, gari litapita nami ninatafuna?"

Nilielewa hapo hapo. Miezi ya mwandamo ni mifupi kuliko ya kalenda ya ukutani. Kwa miezi minne tofauti ni siku nne hivi, na Alhamisi ilikuwa ndani ya siku hizo nne. Alikuwa huru. Alikuwa amevaa. Selina, alipokwenda kumwamkia kabla hajaambiwa kwamba ndiye atakayeshika nafasi, alikuwa amemtajia siku ya kurekodi, na yeye hakuwa na shaka kwamba sisi sote tunajua ametoka, kwa kuwa katika mji ule hakuna asiyejua mjane anatoka lini. Wakati yeye anasikiliza honi, mimi nilikuwa kwenye kigoda changu studio nikimwandikia Selina maneno yake.

"Wamerekodi?" aliniuliza.

"Wamerekodi."

"Nani alikuwa dirishani?"

"Selina."

Alingoja. Ningesema: nimekosea kuhesabu, kosa ni langu, Bwana Odera alikuombea siku mbili akanyimwa. Sentensi tatu. Bi Mize angenitukana, kisha angecheka, na Jumatatu Bwana Odera angeleta gari mwenyewe na kupiga honi mpaka mtaa utoke nje. Badala yake nilimwona yule karani ambaye kila mtu humuuliza tarehe, nikaona aibu yake, nikamwokoa yeye.

"Wakubwa wa Nairobi," nilisema. "Walitaka sura mpya."

(Kimya.) Ningeliandika hivyo, kama ningekuwa na daftari.

"Sura mpya," alisema Bi Mwanaesha. Aligusa shavu lake kwa nyuma ya vidole, polepole, kama anayepima kama mkate umepoa. "Hii haijafika hata mwaka. Au fundi wa taa alisema kweli. Ni nyeusi mno kwa mashine zao mpya."

Sikumkanusha. Hilo ndilo ninalolirudia mpaka leo, kuliko hata ule uongo. Alitaja jambo ambalo alikuwa amelishinda kwa maji na sabuni mwanzo wa mwaka, nami nikamwacha aamini kwamba limemshinda yeye. Aliichukua halua, akanishukuru, akamwambia Bi Mize aagize kahawa. Leso ya Bi Dirisha ilikuwa imekunjwa juu ya kizingiti cha dirisha. Nilipokuwa naondoka aliniwekea mkononi. "Mpelekee Selina. Ya kwake itakuwa haina mikunjo inayofaa."

Watazamaji walimpokea Selina. Aliiga sauti ile vizuri, na kwa wengi dirisha na leso vilitosha. Miezi miwili baadaye, mwaka ukielekea kwisha na siku ya kurekodi tena ikikaribia, Bwana Odera alinituma kumwita Bi Mwanaesha arudi. Nilimkuta chini, kwenye tanuri la mumewe, ameshika pao ndefu ya kutolea mikate, mikono ina unga mpaka viwikoni. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na moto uliuangaza uso ule kama taa zetu zilivyowahi kuuangaza. Nilisema ujumbe wangu. Alitoa boflo sita, moja moja, akazipanga.

"Mwambie Bwana Odera namshukuru. Lakini siendi nilipochokwa. Akija mwingine wa Nairobi akaichoka tena sura hii, nitaiweka wapi?"

Huo ulikuwa mlango wa pili, nao ulikuwa wazi kabisa. Nilisimama pale mpaka wateja wawili walipokuja na kuondoka. Kisha nikarudi ofisini nikamwambia Bwana Odera amekataa, na neno hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu halikunisumbua kwa siku kadhaa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata niliacha kazi nikaenda gazetini, bara. Nimefanya kazi ya habari muda wa maisha ya mtu mzima. Nimewakaripia vijana kwa tarehe mbovu. Kila nilipokosea, niliandika sahihisho na kulichapisha, na nilisifiwa kwa hilo. Mikanda ya Ua Mmoja ya mwaka ule ilifutwa ikarekodiwa mambo mengine juu yake, kwa sababu mikanda ilikuwa adimu. Ya Selina, ya baadaye, ilibaki. Ndiyo maana kijana wa leo akitafuta Bi Dirisha anampata Selina, na hana kosa.

Nilipostaafu nikarudi Mombasa, nilikuwa nikienda kununua mkate kwake kila Ijumaa. Alikuwa amezeeka, Salma ndiye aliyeendesha tanuri, naye aliketi juu dirishani. Aliniona nikija tangu mwanzo wa kichochoro. "Karani anakuja kwa tuktuk," alimtangazia mtu yeyote aliyepita. "Zamani alikuwa na miguu." Watu walicheka, na hakuna aliyejua kwamba wanachekeshwa na Bi Dirisha mwenyewe, bure, bila taa. Kila Ijumaa nilipanda ngazi nikiwa na nia ya kusema. Kila Ijumaa niliteremka na mkate.

Siku ya tatu, matanga yalipoondolewa na mikeka kukunjwa, nilimpa Salma madaftari. Alivaa miwani akafungua katikati, akasoma kimoyomoyo, halafu kwa sauti: "Kazi gani hiyo ya kutoka saa nne na kurudi saa tano? Hata mwezi wa Ramadhani jua halikimbii hivyo." Nyusi moja ikapanda. Ilikuwa sauti ya mamake tupu. Akacheka, na kicheko kikageuka, akaweka daftari kifuani.

"Bi Damari, haya yote alikuwa akiyasema yeye? Sisi hakutusimulia. Nilipomaliza shule nilitaka kwenda redioni. Walinipenda sauti. Mama akanikataza. Akasema watu wale huchukua sura yako, wakaichoka, na hawakwambii wenyewe, humtuma mtu. Nikabaki na tanuri."

Humtuma mtu. Alikuwa amelisema hivyo, miaka yote, na mtu huyo ni mimi.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa utaratibu, kama ninavyoliandika hapa: kalenda, duara nyekundu, Bwana Odera aliyeomba siku mbili, halua, sura mpya, shavu. Nilimwambia hakuna aliyemchoka mamake. Hakuna mkubwa yeyote wa Nairobi aliyesema neno juu ya sura yake. Chini, kijiko kiligonga sufuria, mtu akauliza chumvi iko wapi.

"Nilikuwapo ile Alhamisi," alisema mwishowe. "Nilikuwa na miaka minane. Kila gari likipiga honi mara moja, aliinuka nusu. Akangoja ya pili." Alivua miwani. "Akaketi tena."

Nilisema nisamehe. Alinitazama muda mrefu, na sikuweza kuona kama ni hasira au kama alikuwa bado yuko kule dirishani. Aliyapanga madaftari manne, akayafunga kwa leso, akayainua akasimama nayo. Nami nikasimama, nikatafuta mfuko wangu. Nilipofika kwenye ngazi nilimuuliza, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine, hitima ya arubaini itakuwa lini, nije.

"Wewe usihesabu," alisema Salma. "Nitakupigia simu."

Tangu hapo nimekaa Mbaraki. Nimeandika sahihisho fupi nikawapelekea waliosambaza ile picha, na wengine wameiondoa, lakini hawana nyingine ya kuweka. Salma hajapiga. Nimejizuia kuhesabu, na bado nimehesabu, kwa kalenda ya mwezi mwandamo niliyoinunua Mji wa Kale, nikiuliza mara mbili kwa mtu anayejua. Kwa hesabu yangu arubaini ni Jumapili. Leo ni Ijumaa. Nimekwisha vaa, na simu iko hapa dirishani, mahali ambapo nitaisikia ikilia mara ya kwanza.